Je, Bahati Nayo Ni Kazi?

Clifford Ackroyd alikuwa amekaa mwaka mzima na ushee bila kufagia dohani hata moja, yale mabomba ya moshi ya juu ya paa, kifua kimemshinda, halafu asubuhi moja serikali ikamtumia bili. Anadaiwa michango ya bima ya taifa, ile wanayolipa watu waliojiajiri. Amejiajiri! Yeye ambaye shughuli yake sasa ilikuwa kumwagilia nyanya na kubishana na redio.

"Si niliwaambia nimeacha?" aliuliza, akiiweka bili kando ya sahani ya mayai.

"Uliwaambia watu wa kodi," alisema mkewe, Maureen. "Hawa ni wengine."

"Serikali si ile ile?"

"Ile ile, mzee, ila wenyewe kwa wenyewe hawasalimiani."

Kiasi chenyewe hakikuwa cha kuuzia nyumba, kilikuwa chini kidogo ya pauni mia mbili. Lakini Clifford ni mtu wa Todmorden, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, na mtu wa Todmorden ukimdai asichokula analala na hasira na kuamka nayo. Akasema atawapigia simu sasa hivi. Hapo ndipo Maureen alipoweka kikombe chini na kumkazia macho.

"Mambo ya harusi usiyataje."

Pande zile, bibi harusi akikutana na mfagia dohani mlangoni mwa kanisa na kupigwa busu la shavuni lenye masizi, watu hurudi nyumbani wakisema ndoa hiyo itadumu. Kwa hiyo Clifford, ingawa paa hapandi tena, Jumamosi moja moja alijipaka masizi usoni, akavaa kofia ndefu na kutia brashi begani. Alimpa mkono bwana harusi, akambusu bibi harusi, akaondoka na pauni ishirini na kipande cha keki. Jumamosi iliyokuwa ikija ilikuwa zamu ya Kirsty, binti wa muuza nyama. Hicho ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha kazi yake, na alikipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mtu.

"Ukiwaambia, watasema bado unafanya kazi," Maureen aliendelea. "Ulipe, au na harusi uache. Chagua."

"Ile si kazi. Ile ni bahati."

"Pauni ishirini ni bahati?"

"Mwenzio sijawahi kuzikataa."

Akapiga. Akachezewa muziki mpaka chai ikapoa, ndipo akapokea binti mmoja wa Bradford, jina lake Shazia, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha kutukanwa mara kadhaa tangu asubuhi na bado hajakasirika. Aliuliza lini aliacha kazi, na kwa nini. Clifford alijibu vizuri, na bili ilikuwa karibu kufutwa. Kisha Shazia akauliza kama tangu hapo amepata chochote kutokana na kazi ile.

Maureen, ng'ambo ya meza, alitikisa kichwa kukataa. Mtu mwingine angesema hapana, na mimi nisingemlaumu. Tatizo ni kwamba Clifford hajui kudanganya, akijaribu tu masikio yanamwiva.

"Kuna harusi," alisema.

Maureen alijifunika uso kwa kitambaa cha vyombo. Clifford akaeleza yote, masizi, kofia, mpaka keki.

"Samahani, baba. Unalipwa umbusu bibi harusi?"

"Shavuni."

Shazia alicheka, akajikaza, akacheka tena. "Sasa nisikilize vizuri. Nikiifuta hii bili, mwaka unaodaiwa hautahesabiwa kwenye pensheni yako. Na mimi naona hapa umepungukiwa mwaka mmoja tu upate pensheni kamili. Ukija kuuziba baadaye kama mtu aliyeacha kazi, utatoa karibu pauni mia tisa. Lakini kama ulikuwa umejiajiri, hata kwa hayo mabusu yako, unalipa hii hii uliyotumiwa, basi."

Clifford alivuta kiti, akakaa. "Kwa hiyo mimi niliacha, au sikuacha?"

"Hilo uniambie wewe. Hapa nimeshaandika umeacha. Nibakishe hivyo?"

Kitambaa kilikuwa kimeshaondoka usoni mwa Maureen, naye sasa alikuwa akitikisa kichwa kukubali, kwa nguvu hata miwani ikamteleza. Clifford hakumwona. Wala hakuwa akiwaza pauni. Tangu auze gari lake la kazi, kila aliyemuuliza alimjibu, "Nilikuwa mfagia dohani," na hilo "nilikuwa" lilimuuma kuliko kifua.

"Futa hapo, binti," alisema. "Andika sijaacha."