Niliiacha bima ya boti ya shemeji yangu ilale pamoja na marufuku ya uvuvi

Wakuu, salamu kutoka Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru, upande wa Zambia.

Mimi ni mzee, na humu nasoma kuliko ninavyoandika. Leo naandika kwa sababu juzi mwenzetu mmoja aliuliza kama bima ya boti ina maana yoyote, na wengi mkamjibu kwa utani. Nitaeleza yaliyonipata bila kupunguza, hata pale yanaponichafua.

Kiswahili changu ni cha Kongo, nilikozaliwa na kusoma. Nikiteleza mnivumilie.

Kwanza, boti haikuwa yangu.

Ilikuwa ya mdogo wangu Selestini, fundi wa mashine hapa Kashikishi. Aliachiwa na mzungu mzee aliyekuwa akiishi ufukweni, ambaye yeye na mkewe waliitumia kutembea ziwani tu. Si boti ya kuvulia. Ina kijumba chenye vitanda, jiko dogo, na choo ambacho wavuvi walikuja kukitazama kwa zamu, wakitoka wanacheka.

Selestini akaanza kupeleka wageni. Watu wa miradi, wachungaji walio likizo, wanandoa wapya. Wanakwenda kisiwa cha Kilwa, hiki cha humu ziwani, au kaskazini hadi Puta na Chienge, wanalala humohumo botini, wanarudi siku ya tatu.

Kisha Selestini akaugua, akafa. Boti ikabaki kwa mkewe, Mama Yvette. Akamweka nahodha, kazi ikaendelea, nyumba yake ikasimama kwa boti hiyo.

Karatasi za boti akanipa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyefika sekondari katika ukoo wetu. Kumbukeni hilo.

Bima tuliitafuta baada ya shirika moja kusema halitapanda tena boti isiyo na bima. Nikapanda basi hadi Mansa.

Ofisi ya kwanza, kijana aliniuliza namba ya gari. Nikamwambia ni boti. Akaniuliza inapita barabara gani.

Ofisi ya pili walikuwa na bima ya nyumba. Nikawaeleza kwamba ina vitanda na jiko. Wakafikiri kidogo, halafu wakauliza kama ina msingi.

Ofisi ya tatu nilimkuta wakala mmoja, Miss Chileshe. Huyu hakucheka. Aliniita bashikulu, ambalo kwa Kibemba ni babu kwa heshima, akaniletea kiti. Alisema kampuni iko Lusaka, na kwamba watataka mtu wa kukagua boti, picha, namba ya mashine, maboya ya kuvaa, kizima moto, na jina la anayeshika usukani. Mkaguzi alitoka Mpulungu, akalala kwangu siku mbili. Aligonga kila ubao kwa kijinyundo kama daktari anayegonga mgongo wa mgonjwa.

Tukapata. Bima ya mwaka mmoja, inayokwisha mwisho wa Desemba. Maji ya Zambia tu, kutembea mchana tu, abiria wasizidi idadi iliyoandikwa.

Mwaka wa kwanza na wa pili nili-renew vizuri. Miss Chileshe alikuwa anatuma ujumbe mwanzoni mwa Desemba, nami najaza fomu.

Sasa niwaeleze jambo la huku, kwa wasiolijua.

Desemba ikianza, ziwa linafungwa. Ni marufuku ya uvuvi, mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Boti zote zinapandishwa nchi kavu juu ya magogo. Nyavu zinashonwa. Watu wanakwenda mashambani. Kitu chochote chenye jina la boti kinalala: leseni, mafuta, hata magomvi. Ukimdai mtu neno la ziwa wakati huo anakwambia ngoja lifunguliwe. Nimeishi hivyo miaka yangu yote huku.

Boti yetu haikuhusika na marufuku, kwa sababu haivui. Lakini mvua zikianza wageni hawaji, kwa hiyo nasi tuliipandisha, kwenye mstari uleule na boti za wavuvi.

Mwaka wa tatu ujumbe wa Miss Chileshe ukaja kama kawaida. Nikausoma. Nikatazama boti iko juu ya magogo, imefunikwa turubai. Nikajiambia: boti iliyo nchi kavu itazamaje? Nita-renew ziwa likifunguliwa.

Sikumuuliza Miss Chileshe. Sikumuuliza Mama Yvette, mwenye boti.

Katikati ya Desemba Mama Yvette alinikuta pale ufukweni. Mawingu yalikuwa mazito. Akaniuliza habari ya bima, kwa Kiswahili chetu cha Kongo,

"Shemeki, asuranse iko?"

"Iko."

Na siku ile ilikuwepo kweli. Ilibaki na wiki mbili, na nilishaamua kwamba sitaiongeza. Nimekaa na jibu hilo muda mrefu kuliko jibu lolote nililowahi kumpa mtu.

Januari, siku moja alasiri, upepo wa mvua ulivuka ziwa ukaja moja kwa moja kwetu. Maji yalikuwa yamekwisha kupanda kuliko kawaida. Boti za wavuvi ni nyepesi, watu walizishika wakazisogeza juu. Yetu na kijumba chake tulishindwa. Mawimbi yalikula mchanga chini ya magogo, boti ikalala ubavu, kisha ikaanza kujigonga kwenye mawe. Ubavu mmoja ulifunguka. Kijumba kikatoka chote. Mashine ilikunywa maji na mchanga.

Upepo ulipotulia watu walisimama kuangalia. Mvuvi mmoja akasema,

"Choo ya muzungu imeenda Kongo bila visa."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo, kwa kuwa sikujua niweke wapi uso wangu.

Mama Yvette akaja. Aliizunguka boti polepole akishika kila mahali palipovunjika. Halafu akawaambia wale watu, kwa utulivu kabisa,

"Haina neno. Asuranse iko. Shemeki yangu ndiyo mwenye kuchunga makaratasi."

Nikainama kuokota mbao mbele ya watu wote.

Kesho yake nilimpigia Miss Chileshe. Nilianza mbali, nikauliza kama inawezekana kujaza fomu sasa, tarehe ikaandikwa ya Desemba. Ndiyo wakuu, niliuliza hivyo. Akasema,

"Bashikulu, hilo sijalisikia. Niambieni kilichotokea."

Nikamwambia yote. Akaniuliza kwa nini sikujibu ujumbe. Nikamwambia boti ilikuwa nchi kavu.

"Mngenipigia tu," alisema. "Kuna bima ya boti iliyopandishwa. Ni nafuu kuliko ya majini. Kampuni ingetaka tu kujua iko wapi na imefungwaje. Wangewaambia muiweke juu zaidi."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Nilikaa siku tatu. Mama Yvette alituma salamu mara mbili kuuliza wa Lusaka wanakuja lini. Siku ya nne nilikwenda kwake. Alikuwa anachambua chisense, vile visamaki vidogo vya kukausha, na mikono haikusimama nilipokuwa naongea.

Nilipomaliza akasema,

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema iko."

"Siku ile ilikuwako."

"Siku ile," akasema. Akaendelea kuchambua.

Nilifikiri ataita kanisa, au wakubwa wa ukoo. Alipomaliza akafuta mikono kwenye kitambaa.

"Lete makaratasi yote. Leo. Hata ya zamani."

Nikamletea mfuko mzima. Akautia kwenye sanduku anamoweka Biblia na kadi yake ya ukimbizi, akafunga, akavaa ufunguo shingoni.

Mashine ya boti yangu ya uvuvi niliitoa ikaenda kwenye yake. Siku hizi navua kwa makasia, karibu na ukingo. Seremala alifanya kazi msimu mzima. Kijumba kimerudi kidogo kuliko cha kwanza, na choo hakikurudi. Mkaguzi wa Mpulungu alikuja tena, akagonga tena, akakubali. Kwenye fomu mpya kuna swali kama boti imewahi kuharibika ikiwa haina bima. Niliandika ndiyo, na sababu nikaandika jina langu.

Kwa aliyeuliza juzi: bima ya boti ina maana. Ziwa likifungwa, bima haifungwi. Boti ikipandishwa, mpigie wakala umwambie iko wapi. Na kama boti si yako, usiamue peke yako kwa sababu tu wewe ndiye unayejua kusoma. Kusoma kwangu ndiko kulikomfanya Mama Yvette asiulize mara ya pili.

Desemba hii iliyopita tuliipandisha tena, mbali kabisa na mstari wa wavuvi, na mkanda umefungwa kwenye vigingi vinne kama barua ya Lusaka ilivyotaka. Nilikuwa nakaza fundo la mwisho, Mama Yvette akasimama nyuma yangu.

"Shemeki, asuranse iko?"

Nikageuka. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake.

"Sijue," nikamwambia. "Makaratasi iko kwako."

Akanitazama.

"Najua iko. Nilisoma na mama mwenye kufundisha kanisani, mustari kwa mustari. Nilitaka tu kusikia utajibu nini."

Kisha akaenda kununua chumvi.

Wenye boti wa Tanganyika, Kariba na kwingineko, semeni nanyi: boti ikiwa nchi kavu bima yenu mnaifanyaje? Na karatasi anakaa nazo nani? Mwenye kunisema aniseme tu, nitasoma zote.