Benchi la Mlangoni

Kanisa letu pale Litapunga lilikuwa na benchi moja karibu na mlango, upande wa wanawake, ambalo hakuna aliyelikalia kwa hiari yake. Lilikuwa la waliotengwa. Aliyekutwa akipika pombe alikaa hapo, aliyekwenda kwa mganga alikaa hapo, na msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa alikaa hapo kuliko wote. Upande wa wanaume hapakuwa na benchi la namna hiyo. Wanaume nao walianguka, ila wao hawaoti tumbo.

Mimi nililihamia katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa na mimba ya miezi minne. Aliyenipa mimba alikuwa fundi cherehani wa Makanyagio, mtaa wa Mpanda mjini nilikokuwa nikiishi kwa shangazi. Nilipomweleza, alipanda treni kwenda Tabora kumwarifu mama yake. Mpaka leo bado anamwarifu. Shangazi akaniambia nirudi kwa wazazi wangu kabla majirani hawajaanza kuhesabu miezi, nami nikarudi Litapunga na mfuko wangu wa rambo.

Wazazi wangu walitoka Burundi wakiwa vijana, na nyumbani baba tulimwita Data, kama Warundi wanavyomwita. Alikuwa mkulima wa mahindi na tumbaku kama wengine wote, lakini pia alikuwa mzee wa kanisa. Kila mwezi, siku ya Meza ya Bwana, yeye ndiye aliyebeba sinia la vikombe vidogo na kupita nalo benchi kwa benchi. Sanduku la vikombe hivyo lilikaa nyumbani kwetu. Mama aliviosha, Data akavikagua kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, na sisi watoto tulikatazwa hata kulisogelea sanduku. Alikuwa na shati jeupe moja ambalo halikuvaliwa siku nyingine yoyote. Kama ungeniuliza wakati ule Data anapenda nini zaidi, mimi au lile sinia, ningekujibu bila kufikiri kwamba ni sinia.

Aliposikia habari yangu hakunipiga wala hakunitukana. Alichukua jembe akaenda shamba, na kwa wiki mbili hakunisemesha. Ningeona afadhali fimbo.

Jumamosi moja mchana wazee wenzake walikuja pamoja na mchungaji. Walikaa uani, mimi nikiwa jikoni napukuchua mahindi, ukuta wa mabua kati yetu. Mchungaji alisema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. Mimi nitengwe hadi nijifungue na nitengeneze, yaani nitubu mbele ya kanisa zima na kupokelewa tena. Hilo lilijulikana. Lakini kulikuwa na kanuni nyingine: mzee wa kanisa hawezi kubeba Meza ya Bwana huku amemweka nyumbani mwake binti aliye katika hali ile.

"Mpeleke Makanyagio kwa dada yako," mchungaji akasema. "Ajifungulie huko. Akishatengeneza atarudi kwako, na wewe uendelee na huduma."

"Na nikimweka hapa?" Data akauliza.

"Huduma utaiweka chini, mzee. Kanuni tuliipitisha wote, na wewe ulikuwepo."

Mzee mmoja akaongeza, "Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Data akasema amesikia. Akawasindikiza mpaka njia panda kama desturi inavyotaka, akarudi, akauliza kama ugali umeiva. Basi. Nikajua safari ipo. Shangazi alikwishanifukuza mara moja, na sikuona kwa nini asinifukuze tena. Nilifunga khanga zangu mbili kwenye rambo nikiwa na hofu na hasira, hofu kwa ajili ya kichanga nisichojua nitakilaza wapi, hasira kwa ajili ya vile vikombe.

Asubuhi Data alikuwa amefunga sanduku la vikombe kwenye keria ya baiskeli. Alikuwa na shati lake la kazi. Akaiona rambo mkononi mwangu.

"Unakwenda wapi?"

"Makanyagio."

"Nani kakutuma? Weka hiyo ndani. Tunakwenda kanisani."

Kanisani nilikwenda moja kwa moja kwenye benchi langu. Yeye akapita katikati, akaliweka sanduku mezani, akamwambia mchungaji maneno mawili matatu ambayo sikuyasikia, kisha akageuka. Nilidhani anakwenda kukaa upande wa wanaume. Akaja mpaka mlangoni, upande wa wanawake, akakaa kando yangu. Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo na nadhani nusu yao walisahau maneno. Mama mmoja wa mbele yetu alijifunika khanga mdomoni, sijui kwa aibu au kwa kicheko.

Sikufurahi hata kidogo. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilifikiri amekuja kunichunga nisitoroke, au kunionyesha kwa watu. Wiki iliyofuata akakaa hapohapo, na iliyofuata pia. Siku ya Meza ya Bwana, mzee aliyepewa sinia lile alifika kwetu, akaniruka mimi kama ilivyopasa, akamnyooshea Data. Data akatikisa kichwa.

Baada ya ibada mchungaji akamwita. "Mzee, wewe hatujakutenga. Mbona hunywi?"

"Mwanangu hajanywa."

"Ndiyo kanuni."

"Kanuni siipingi. Namsubiri."

Njiani kwenda nyumbani nilimlipukia. Nilimwambia watu wanatucheka, nyie wazee mna mambo, rudi mbele ukakae na wenzako, uniache na aibu yangu. Alikuwa anakokota baiskeli. Hakusimama.

"Hasira ninayo, mwana wanje," alisema, akiniita mwanangu kwa Kirundi. "Hilo tumbo limeniumiza sana, usidhani limepita. Lakini hasira siyo ya kukuacha ukae peke yako."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia kuhusu jambo lile. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, na mimi nilikuwa sijawa mzazi bado. Nilinuna mpaka nyumbani.

Sitaki kumfanya malaika. Alikoroma wakati wa mahubiri, palepale kando yangu, na mimi ndiye niliyempiga kiwiko. Alikuwa mbishi na alinikumbusha kupalilia kana kwamba tumbo langu ni mzigo wa kuni ambao naweza kuutua. Lakini kila Jumapili alikuja, na kila mwezi sinia lilipopita alitikisa kichwa, na mara moja nilimwona akilifuata kwa macho hadi lilipofika mbele na kufunikwa kitambaa. Siku hiyo nilianza kumwogopa Mungu kwa namna nyingine.

Nilijifungua mtoto wa kike. Muda wangu wa kutengwa ulipotimia niliitwa mbele kutengeneza. Nilimpa Data mtoto, nikaenda, nikasema niliyotakiwa kusema, na nilimaanisha. Mchungaji akauliza kama kanisa linanipokea. Mikono ikapanda. Nikapewa kikombe, na sinia likaendelea hadi mlangoni, na Data naye akanywa, mara ya kwanza katika muda wa karibu mwaka mzima.

Kisha mchungaji, kwa nia njema kabisa, akasema mzee wetu naye arudi kwenye kiti chake cha mbele. Atamke neno moja tu la kutengeneza, kwamba alikosa alipokaa na aliyetengwa.

Data akasimama, mtoto begani. "Nimekosa mengi, na ninayatubu," akasema. "Kukaa na mwanangu sikukosa."

Akaketi. Mchungaji akatangaza wimbo.

Alifariki bila kurudishiwa sinia. Nimesikia mahubiri mengi kuhusu Baba wa mbinguni na kiti chake cha enzi, na ninayaamini. Ila nikifumba macho kusali, ninayemwona ana shati la kazi.

Mimi, mara baada ya kutengeneza, nilirudishwa kwenye kwaya niliyoimba kabla ya kwenda kwa shangazi. Jumapili yangu ya kwanza nilisimama mbele kabisa, karibu na viti vya wazee, nikatazama mlangoni. Msichana mwingine alikuwa ameingia na tumbo lake, ameinamisha kichwa, amesimama kando ya benchi bila kujua kama anaruhusiwa kukaa. Data alimhamisha mwanangu kwenye goti la pili, akasogea, akampa nafasi. Pale ndipo nilipokuwa nikikaa mimi. Wimbo ulinishinda, nikalia mbele ya watu wote, na safari hii hakuna aliyeniuliza nimekosa nini.