Maji ya Kunawa Mlangoni kwa Mama

Miaka ya tisini jeshi lilitupeleka ng'ambo, kwenye vita vya watu wengine, nami nilikuwa mtu wa dawa: kuzuia damu, kufunga vidonda, kubeba machela. Bunduki nilipewa, sikuifyatua. Hili nalisema mapema kwa sababu niliporudi hakuna aliyetaka kulisikia.

Vijana wa Gatwekera, mtaa wetu, walinidaka njiani. “Niaje, soldier? Umemaliza wangapi huko?” Nikawaambia kazi yangu ilikuwa bandeji. Wakanitazama kama mtu aliyekwenda harusini akarudi bila kuonja nyama.

Mlangoni kwa mama nilimkuta baba mkubwa, kakaye marehemu baba. Alikuwa ametoka Kawangware kwa miguu, makusudi kunizuia. Kwetu ziwani, aliyeua vitani haingii nyumbani mpaka anyolewe, achinjiwe beberu, atakaswe. Akiingia hivihivi, mauti huingia naye. Na ndani alikuwamo dada yangu, mjamzito, karibu kujifungua.

“Sijaua mtu, baba mkubwa.”

“Askari ni askari. Na hata kama hukuua, umeshika maiti za watu usiowajua. Beberu nimeshatafuta, yuko Kawangware kwa landlord wangu. Twende.”

Ningekubali, mambo yangeisha siku hiyo hiyo. Lakini nilimkumbuka mzee mmoja wa huko aliyefia mikononi mwangu, ameng'ang'ania kola ya shati langu. Nilimfumba macho mimi. Sasa ninyolewe kwa sababu yake? Hasira ilinipanda. Mzee yule hakuwa uchafu, na mikono iliyomshika najivunia mpaka leo.

“Siendi,” nikasema. “Beberu wako mle wenyewe.”

“Basi hapa huingii.” Akageukia ndani. “Shemeji, ongea na mtoto wako. Ama unataka kuzika mjukuu?”

Mama aliyaogopa mambo hayo kuliko baba mkubwa mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshaamua: akinituma Kawangware, nitarudi kambini na mlango ule sitauona tena.

Mama akachukua jagi na beseni, vile anavyomletea mgeni yeyote kabla ya ugali, akaja kunimiminia maji pale kizingitini.

“Nawa.”

“Hiyo si kutakaswa,” baba mkubwa akasema.

“Kwangu mtu akinawa, anakula. Na wewe, shemeji, leta mikono. Samaki inapoa.”

Hakuleta. Alirudi Kawangware kwa beberu wake, na njaa yake. Mimi niliingia, dada akanisogezea nafasi kitandani, nikamega ugali. Mama hakula. Alikaa akimtazama dada tumbo, na siku zote zilizofuata alimtazama hivyo hivyo.

Dada alijifungua salama. Baba mkubwa alikuja na watu wengine kumwona mtoto, chumba kikajaa. Mama akamtoa mtoto kwenye shuka, akawapita wote, akaniwekea mikononi.