Jumamosi kwa Babu Harjit

Sisi tuliokulia Newburg, huku Marekani, kabla kila mtoto hajamiliki simu, theluji ilikuwa ikiyeyuka tu, maegesho ya magari yanakuwa uwanja wetu. Tulicheza rede na kombolela mpaka vidole vikaingia ganzi, na harufu ya maharage ikatuita ndani kabla mama hajafungua mdomo. Mama alikuwa na sheria moja: "Kiingereza mkivue mlangoni pamoja na viatu." Vijana wa leo viatu wanavua. Kiingereza wanapanda nacho kitandani.

Ghorofa ya chini ya jengo letu alikaa Babu Harjit, mshairi wa Kipunjabi. Alizaliwa Kisumu, mtoto wa seremala, akawa fundi magari mwenye vitabu vitatu vya mashairi vilivyochapishwa huko kwao Punjab. Binti yake, Dada Amrit, ndiye aliyemleta Marekani. Dada alipohamia Buffalo kikazi, mzee aligoma kumfuata. Alisema Newburg ana watu wa kuongea nao. Watu wenyewe ni sisi, watoto wa Kirundi tuliotoka kambini Tanzania na Kiswahili chetu.

Kila Jumamosi alipika chai nzito ya iliki, tukaketi sakafuni, akasoma. Kwao, msikilizaji akiupenda mstari huusifu kwa sauti, na mshairi huurudia. Sisi watoto wa kanisa tuliitikia "Amina" kila alipovuta pumzi, naye kwa heshima akarudia kila mstari, mpaka chai ikapoa.

"Nyinyi mtaniua," alisema akicheka, kisha akatueleza kwa Kiswahili shairi lile lilimhusu nani.

Mimi sikubweteka. Nilikwenda Columbus, nikapanga chumba karibu na chuo kikuu, mchana darasani, jioni ghalani nikipakia maboksi, nikatoka na diploma ya umeme ambayo hakuna mjomba aliyeilipia. Nimerudi Newburg na nyumba yangu, na gari la kazi lenye jina langu ubavuni, mnaliona linapita. Babu magoti yalimshinda, akachukuliwa Buffalo, akafia huko.

Majuzi Dada Amrit alinipigia. Maandishi ya Kipunjabi hakuwahi kujifunza. "Kaka, hekaluni wamenisomea maneno ya mashairi ya baba," alisema. "Nyinyi aliwaambia yanamhusu nani. Kuna langu?"

Nilikumbuka moja tu: mwanamke anakanda unga akitazama ziwa, kwa kuwa ziwa halimuulizi katoka wapi.

"Huyo ni bibi, mama yake baba," alisema. "Na mimi je?"

Niliwatafuta wenzangu wote, anayeendesha lori na anayetunza wazee. Kila mmoja alikumbuka chai.

Watoto wetu leo wanarekodi hata paka akipiga miayo. Sisi tulikuwa na mshairi mzima, peke yetu, na masikio yetu yalikuwa nje kwenye rede. Kama kuna aliyeketi pale akasikia shairi la msichana, anipigie. Dada Amrit bado anauliza.