Zuhura Alipotoka Majini

Utotoni mwangu, skuli zikifungwa, mama alinitoa Mji Mkongwe akanipeleka kwa Bibi, mama yake, aliyekaa chini ya vilima vya Masingini. Unguja haina milima ya kutisha, lakini kwa mtoto wa vichochoroni kilima kile chenye msitu kilikuwa mlima kamili. Juu yake maji yaliporomoka jabalini yakaangukia kidimbwi cheusi. Bibi alisema maji yale yana wenyewe wasioonekana.

"Msioge jua likiwa utosini," alituonya wajukuu. "Wenyewe humchukua mtoto, wakarudisha mwengine mwenye sura ile ile."

Mwaka mmoja binamu yangu Zuhura, mtoto wa mama mdogo, aliletwa kutoka Dar es Salaam, tukaambiwa kaja kupumzika. Tulikuwa rika moja, ila yeye alikuwa msemaji, mwenye kucheka hata akiwa peke yake. Mjomba Haji, mtoto wa mwisho wa Bibi, akatupandisha kilimani kuyaona maji. Tulifika adhuhuri. Mimi nilibaki juu ya mwamba nikila chungwa. Zuhura aliingia kidimbwini, Mjomba akamfuata kupitia ukingoni hadi nyuma ya maporomoko, nisikowaona. Walikawia. Zuhura alipotoka hakusema neno, na njia nzima ya kushuka hakusema.

Jioni alisukuma sahani yake. Bibi alimtazama, kisha akaniita jikoni.

"Mlioga wakati gani?"

"Adhuhuri, Bibi."

Akashusha pumzi. "Basi mwangalie vizuri. Angalia kama anakula chumvi. Wenyewe hawali chumvi."

Kesho yake nikawa mpelelezi. Niliangalia kama ana kivuli. Niliangalia nyayo zake mchangani. Uji uliotiwa chumvi hakuugusa, na usiotiwa hakuugusa pia, lakini hilo la pili sikulitilia maanani. Mkeka wangu niliusogeza mbali na wake. Hatimaye nilimfuata nyuma ya jiko, nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Wewe nani?"

Alinitazama kama asiyenijua. "Nnataka kwenda kwetu," akasema.

Nilikimbia kwa Bibi nikamwambia. Kwao ni wapi, mimi sikuwa na shaka napo: ni kule kidimbwini.

Asubuhi yake Bibi alifunga ubani, marashi na mayai ndani ya kikapu, tukapanda watatu. Akamsimamisha Zuhura penye ukingo wa maji, akanena kwa adabu, kama anayebisha hodi kwa watu wakubwa: "Wenyewe, tumewakosea. Chukueni aliye wenu, mnirudishie wangu."

Zuhura akamng'ang'ania kanga. Uso wake sijausahau.

"Bibi, usiniache hapa. Mimi ni Zuhura. Mjomba kanambia siku ile, hapa hapa, mama ameolewa, na huyo mumewe hanitaki. Kasema nsikwambie."

Bibi aliketi chini pale pale, penye unyevu, akamvuta mapajani. Tuliporudi alimwita mwanawe.

"Haji."

"Naam, mama."

"Ulijua?"

"Dada alinipigia simu. Nilishindwa pa kuanzia kukwambia."

Siku nyingi zilipita Bibi asimsemeshe. Zuhura alilelewa pale hadi alipoolewa. Mama yake alikuja sikukuu mbili tatu, akiwa na zawadi na haraka.

Leo wageni hupanda kule na waongozaji kupiga picha, na mimi mambo ya wenyewe siyaamini tena. Lakini nikikumbuka nyumba ile, simcheki Bibi. Mjomba aliujua ukweli wote, akala na akalala. Mimi nilimchunguza mwenzangu kutwa nzima nisione kuwa ana huzuni. Bibi ndiye aliyetazama uso wa mtoto akatambua kuna kilichopotea, na akapanda kilima kwenda kukidai.