Skrini Yangu, Vidole Vyao

Nyumbani kwetu Ngamiani nimelelewa na neno moja: usiguse. Usiguse kabati la vyombo vya wageni. Usiguse rimoti, baba yako anasikiliza habari. Usiguse haluwa, ya Idi hiyo. Kwa hiyo mjomba aliporudi kutoka Maskati akanipa gemu la mkononi, mtumba, la kukunja, lina skrini mbili na ile ya chini ni ya kugusa, nilijua Mungu kanikumbuka. Hatimaye kitu kinachoomba chenyewe kuguswa, tena changu.

Changu! Ngoja nicheke kwanza, maana nikisema bila kucheka nitavunja kitu.

Siku ya kwanza tu nyumba nzima ilishakipangia kazi. Bibi alikikandamiza kioo kwa kidole gumba, akatulia anasubiri.

"Mbona hakisemi? Hakipimi presha hiki?"

"Gemu hilo, bibi."

"Sasa kukigusagusa kote huko faidaye nini?"

Mama akauliza kama kitamwonyesha saa za swala. Nikasema hapana. Akakiangalia kama mgeni aliyekuja mikono mitupu.

Mimi faida yake niliiona mapema. Ndani mlikuwa na daftari la kuchorea. Unachora kwa kile kijiti chake cha plastiki, ukurasa baada ya ukurasa, kisha unagusa kona na michoro inaanza kutembea. Nikamchora mwalimu wetu wa nidhamu. Kwanza linaingia tumbo. Linafika ubaoni, linaandika tarehe, linaita majina. Kengele inalia, kipindi kimekwisha, ndipo mwalimu mwenyewe anatokea mlangoni anahema na mkanda wake umefungwa chini kabisa, kama umekata tamaa ya kulipanda tumbo. Muhula mzima nilichora kitu hicho. Nilikuwa nimepanga kuwaonyesha wenzangu siku ya kufunga shule. Darasani mimi najulikana kwa kuchekesha kwa mdomo, na mdomo huo umeshaniletea viboko vingi. Nilitaka safari hii wacheke huku nimekaa kimya.

Kwa bahati mbaya nina dada. Dada yangu anapaka maharusi piko, ule wino mweusi wa kuchorea maua mikononi. Simu yake kioo kimepasuka, na hata kingekuwa kizima, kidole hakichori mstari mwembamba. Kijiti changu kinachora. Akajaribu ua moja, akajaribu jingine, na kuanzia hapo gemu likawa linalala chumbani kwake. Maharusi wanakuja, wanachagua maua kwenye skrini yangu, wanakibonyeza kioo changu kwa vidole vyenye mafuta ya nazi.

Nikilidai, mama ana jibu moja: "Mpishe dadako. Mwenzio anafanya kazi, wewe unacheza."

Ijumaa moja, imebaki wiki tu shule ifungwe, nimetoka shule nikalifungua. Maua. Ukurasa wa pili, maua. Nikatafuta tumbo mpaka ukurasa wa mwisho, halipo.

"Dada, michoro yangu iko wapi?"

Alikuwa anakoroga piko kwenye kibakuli. Hakuinua hata kichwa. "Kile kidude kilisema kimejaa. Nikafuta vile vikatuni vyako."

"Umefuta vyote?"

"Si vya kuchekesha tu? Utachora vingine. Mimi nina biharusi kutoka Maramba anakuja sasa hivi."

Nilipiga kelele nikasikika mpaka msikitini. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu bibi atasomewa. Mama alitoka jikoni na mwiko, na aliyeambiwa anyamaze ni nani? Mimi. Ua ni kazi, tumbo ni mchezo. Nani aliamua? Yeye alikaa akachora kwa kijiti, na mimi nilikaa nikachora kwa kijiti kilekile!

Dada akaingia kuoga. Gemu likabaki mkekani, liko wazi kwenye ua la biharusi: petali, majani, mzabibu unaoshuka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Katikati kuna tumba la ua halijafunguka, la duara.

La duara kabisa. Sasa mimi nifanyeje?

Nikaliongezea mkanda, chini kabisa. Nikaliongezea vijiguu viwili. Kwenye skrini ile lote halikuzidi punje ya choroko.

Biharusi akaja na mashangazi zake. Dada alipoanza kupaka aliinamisha kichwa, jicho moja kwenye skrini, jingine mkononi, anafuata mistari kama alivyozoea. Piko likakauka. Mashangazi wakasifu. Bibi akavaa miwani, akaushika ule mkono, akauleta karibu na pua.

"Maua mazuri, mashallah. Ila hili mbona limevaa suruali?"

Biharusi mwenyewe akaangalia, akaanza kucheka mpaka shangazi mmoja akamshika bega asianguke. "Jamani, lina mkanda!"

Dada alinikuta uani. "Mwanahizaya wee! Njoo ufute!"

"Mimi sijui kufuta. Fundi wa kufuta si wewe?"

"Piko halifutiki!"

"Ndiyo najua."

Mnadhani hapo hasira ikaisha. Haikuisha. Mwalimu alikwenda zake fungate mkononi mwa mke wa mtu, na mimi muhula wangu haukurudi. Baada ya siku chache dada alinitupia gemu kitandani bila neno. Nikaanza upya. Tumbo likakataa. Likatoka kama papai, likatoka kama mtungi, mwalimu akawa mtu yeyote tu mwenye kitambi. Kufunga shule kumefika, sina cha kuonyesha.

Nikahisi mtu nyuma yangu. Dada, amesimama mlangoni, anaangalia skrini.

"Sio hivyo," akasema. "Lile lilikuwa linatikisika likiandika tarehe. Na alipotokea mlangoni aliangalia saa kwanza."

Nikageuka taratibu. "Kwani uliiona?"

"Yote. Nilicheka mpaka nikamwita bibi."

Yaani aliitazama. Alicheka, akaita na mtu wa kucheka naye, halafu akafuta.

Akanyoosha mkono kuchukua kijiti. "Lete nikuonyeshe mkanda ulivyokaa."

"Usiguse," nikamwambia.