Kolekole wa Baba

Baba alikataa kuhamia Kibamba kwa sababu ya samaki. Mama alikuwa ameshafariki, nyumba ya Msasani imebaki na mzee peke yake na paka wake, na sisi watoto tulikaa kikao tukakubaliana aje kuishi kwangu. Mimi ndiye mkubwa, tena ndiye binti mwenye mdomo, kwa hiyo nikatumwa kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huko Kibamba kuna bahari?"

"Baba, unajua kabisa hakuna."

"Basi ningojeni. Mwezi wa tatu kolekole wanasogea ufukweni. Nikimtoa mmoja wa maana kwa mkono wangu, nyie mtajua bado mie mzima, mniache hapa hapa. Nikishindwa, nitakuja mwenyewe na mkeka wangu."

Nikakubali, nikijua wadogo zangu watanisema, na kweli walinisema. Walikuwa na haki. Kisukari kilikuwa kimeshamtia ganzi nyayoni, kliniki walituambia. Lakini nani angemnyima? Baba hakuwahi kuwa mtu wa ngalawa. Yeye alivua kwa miguu, upande ule wa rasi unaopigwa na mawimbi, akisimama maji yakiwa magotini. Alizungusha mshipi wake wa kuvulia juu ya kichwa, akaurusha ukaenda na chubwi lake, kipande cha risasi cha kuuzamisha, mbali kule, halafu akaulaza juu ya kidole cha shahada na kutulia. Kidole hicho ndicho kilichotulisha. Alikuwa akituambia huyu anayedonoa ni kaa, huyu ni changu, huyu ana wasiwasi, na samaki akitoka ndiye huyo huyo.

Sharti lake lilikuwa moja, na tulilijua kabla ya kujua kusoma: mshipi haufungwi mkononi. Unaulaza kidoleni ili mkubwa akishika, umwachie aende zake mpaka achoke. Ukiufunga, mmekwenda wote wawili. Mdogo wangu wa kike aliwahi kuuzungusha mkononi mara moja tu kwa mchezo, akapigwa kofi ambalo mpaka leo analisimulia.

Kila Jumamosi ya mwezi ule niliondoka Kibamba giza halijaisha, nikamkuta baba ameshaswali, ananisubiri mlangoni na ndoo ya ngisi wa chambo. Tuliteremka taratibu. Mimi nilikaa kwenye mwamba na chupa ya chai na kisu cha chambo, nikimtania kwamba kolekole wamesikia anahama na wao wamehama. Alicheka kidogo. Lakini kila alipovuta, ndoano ilitoka tupu, chambo kimeliwa chote, na yeye hakuwa ametaja aliyedonoa. Akasingizia kaa. Siku nyingine niliuona mshipi wenyewe ukitetemeka, mimi niliyekaa mbali, na baba anatazama tu maji. Nikajiambia labda anamvizia samaki. Nilitaka awe anamvizia.

Jumamosi ya mwisho mawingu ya masika yalikuwa yameshajaa na bahari imechafuka. Baba alirusha, akanipa mgongo, akasimama na mkono wake karibu na tumbo kama mtu anayefunga kifungo cha shati. Sikujali. Nilikuwa namimina chai.

Kolekole hakudonoa. Alichukua na kuondoka, na baba akaondoka naye. Nilimwona anaanguka kifudifudi, anainuka, anavutwa tena, mkono wa kulia umenyooka mbele yake kwenye povu. Hakupiga kelele. Nilipomfikia na kisu cha chambo mkononi, maji yakiwa kifuani, ndipo nilipoona: alikuwa ameuzungusha mshipi kwenye kiganja, mizunguko mingi, umezama nyamani. Kidole chake kilikuwa kimekufa ganzi, akaamua kusikiliza kwa mkono mzima.

"Usikate," alisema. "Mwanangu, usikate. Ni yeye."

Nami nilijua ni yeye. Wimbi lilipojikunja nilimwona ubavu mara moja, mpana, mweupe, mkubwa kuliko wote aliowahi kutuletea. Nilitaka ampate. Nasema kweli, nilitaka baba ashinde, abaki na nyumba yake na paka wake, na mimi nirudi Kibamba nikatukanwe na wadogo zangu. Nikakata. Mshipi ulilia, ukapotea, tukabaki wawili tumeshikana kwenye maji.

Nilimburuta mpaka kwenye mchanga. Nilikuwa nalia na kumgombeza kwa pamoja, namwita mzee mkaidi, namwuliza angekufa mimi ningewaambia nini wenzangu. Damu ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na pale kiganjani nyama ilikuwa imefunguka. Baba aliugeuza mkono wake huku na huku, akautazama kwa makini, uso wake hauna kinyongo wala maumivu. Kisha akanisogezea.

"Eti mama, hii inauma?"

Nilivua mtandio wangu, nikaanza kumfunga.

"Inauma, baba," nilimwambia. "Inauma sana."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa jirani, akaniachia mkono wote nimalize kuufunga.

"Basi nichukue," akasema.